Mgeni anapochelewa kwa daktari: Funzo kutoka kwa Walatino wa Marekani

Mwezi uliopita nilipokea barua kutoka kwa mzee mmoja wa Kapsabet ambaye binti yake ni muuguzi katika jimbo la Texas, Marekani. Binti huyo hufanya kazi katika idara ya dharura. Amemweleza babake kuhusu mama mmoja mhamiaji kutoka Mexico ambaye figo zake zimekufa. Kila juma mama huyo hufika hospitalini akiwa amevimba miguu na uso, na hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Hupimwa damu. Vipimo vikionyesha kwamba yu karibu kufa, huunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Visipofikia hapo, huambiwa arudi nyumbani na aje tena akizidiwa.

Mzee akaniuliza: "Daktari, mimi nilidhani Marekani ndiko kwenye hospitali bora duniani. Inakuwaje mgonjwa anyimwe tiba mpaka awe anakata roho? Na hawa Walatino, je, hawana mtu wa kuwasaidia?"

Hayo ni maswali mawili, na yote ni mazuri. La kwanza linahusu sheria na pesa, nami nitalijibu kwa ufupi. La pili ndilo ninalotaka tulitazame kwa makini juma hili, kwa sababu jibu lake ni kwamba wanao watu wa kuwasaidia, tena wengi. Wengi wao si madaktari. Ni majirani.

WALATINO NI NANI?

Kwa Wamarekani, Mlatino ni mtu ambaye asili yake ni nchi za Amerika ya Kusini, Amerika ya Kati, Mexico au visiwa vya karibu kama Puerto Rico na Cuba. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020, Walatino walikuwa milioni 62.1, yaani karibu mtu 1 kati ya kila 5 nchini humo. Wengi wao walizaliwa Marekani na ni raia. Wako madaktari, mawakili na maseneta.

Lakini leo tunawazungumzia wale waliohamia huko wakiwa maskini, na watoto wao. Hawa ndio wanaochuma zabibu na stroberi California na nyanya Florida. Ndio wanaoosha vyombo hotelini, wanaosafisha ofisi usiku, wanaoezeka nyumba juani na kukata nyama viwandani. Mara nyingi katika nyumba moja utamkuta baba asiye na hati za kuishi nchini, mama mwenye kibali, mtoto mkubwa asiye na kibali na mdogo ambaye ni raia kwa kuwa alizaliwa huko. Kumbuka hali hiyo ya nyumba moja yenye watu wa hali tatu, maana ndiyo inayofanya mambo yao yawe magumu.

SAFARI YA KUFIKIA MASHINE

Figo hazifi kwa siku moja. Mara nyingi huanza kuharibiwa na kisukari au shinikizo la damu miaka 10 au 15 kabla ya mgonjwa kuanza kuvimba. Sukari inapozidi katika damu kwa muda mrefu, hudhuru mishipa midogo ya macho, ya miguu na ya figo. Kwa miaka hiyo yote mtu huweza kujiona mzima. Labda huona kiu, hukojoa mara kwa mara usiku na kuchoka, naye husema ni kazi tu.

Walatino wa Marekani wamelemewa na maradhi haya kuliko Wamarekani wengi. Kwa mujibu wa idara ya kitaifa ya kuzuia magonjwa nchini humo, mtu mzima wa Marekani ana uwezekano wa asilimia 40 hivi wa kupata kisukari cha aina ya pili katika maisha yake. Kwa Mlatino uwezekano huo unapita asilimia 50.

Sasa, kisukari kikigunduliwa mapema hudhibitiwa kwa vidonge vya bei nafuu, chakula na mazoezi. Kwa nini basi mama yule wa Texas alichelewa hivyo?

Kwanza, pesa. Uchunguzi mmoja mkubwa wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa nusu ya wahamiaji wazima wasio na hati hawakuwa na bima ya afya. Hata wale walioingia kwa njia halali, sheria ya mwaka 1996 huwataka wengi wao wangoje miaka 5 kabla ya kupata Medicaid, ambayo ni bima ya serikali kwa maskini. Pili, wakati. Kibarua akikosa kazi siku moja hukosa mshahara wa siku hiyo, na huenda akakuta nafasi yake imechukuliwa. Tatu, lugha. Nne, kutojua mlango upi ubishwe. Tano, hofu. Tutarudi kwa hofu baadaye.

Iko sheria ya mwaka 1986 inayoilazimu karibu kila hospitali yenye idara ya dharura kumpima yeyote anayeingia na kumtuliza ikiwa maisha yake yamo hatarini, awe ana pesa au hana, awe na hati au asiwe nazo. Hii ni sheria njema. Hata hivyo, kumtuliza mtu si kumtibu. Katika majimbo kadhaa, mgonjwa wa figo asiye na hati hulipiwa mashine wakati wa dharura peke yake. Ndiyo sababu mama yule hungojea mpaka azidiwe.

Dkt Lilia Cervantes wa Denver, jimboni Colorado, alichoshwa na hali hii baada ya kumpoteza mgonjwa aliyekuwa karibu naye. Yeye na wenzake wakafanya utafiti katika miji ya Denver, Houston na San Francisco, uliochapishwa mwaka 2018. Waliona kwamba katika muda wa miaka 5, waliosafishwa damu kwa dharura tu walikuwa katika hatari ya kufa mara 14 zaidi ya wenzao waliosafishwa kwa ratiba ya kawaida. Isitoshe, walilala hospitalini siku nyingi zaidi, na kwa hivyo kunyima tiba hakukuokoa pesa. Mwaka 2019 Colorado ilibadilisha utaratibu wake, na wagonjwa hao wakaanza kupewa tiba ya kawaida.

Hilo ndilo jibu la swali la kwanza, mzee wangu. Lakini hata mashine ikipatikana mara 3 kwa juma, bado tumechelewa. Msaada ulio bora ni ule utakaomkuta mama huyo miaka 10 kabla, jikoni kwake, sukari ikiwa ndiyo kwanza inaanza kupanda.

KLINIKI ILIYOJIFUNZA KUTOKA AFRIKA

Nguzo ya kwanza ya msaada huo ni kliniki za jamii. Historia yake itakufurahisha.

Mwaka 1940 madaktari wawili, Sidney Kark na mkewe Emily, walifungua kituo cha afya huko Pholela, mashambani Natal, Afrika Kusini, kati ya Wazulu maskini. Hawakungojea wagonjwa waje. Waliwafunza wenyeji kwenda nyumba kwa nyumba, kuhesabu watoto, kutazama maji na vyoo, na kuwahimiza watu kulima mboga. Mwaka 1957 mwanafunzi wa udaktari kutoka Marekani, Jack Geiger, alikwenda huko kujifunza. Akarudi kwao na fikira moja: mbona jambo hili lisifanywe Marekani?

Mwaka 1965 yeye na mwenzake, Dkt Count Gibson, wakafungua kliniki ya aina hiyo katika mtaa wa maskini wa Columbia Point, mjini Boston, kisha nyingine huko Mound Bayou, Mississippi. Kule Mississippi madaktari waliwaandikia watoto wenye utapiamlo chakula kama vile unavyoandikiwa dawa, nalo duka likawapa. Wakubwa waliponung'unika, Geiger aliwajibu kwamba kadiri ajuavyo yeye, dawa ya utapiamlo ni chakula.

Leo vituo vya namna hiyo vinawahudumia zaidi ya watu milioni 30 kwa mwaka, na zaidi ya theluthi moja yao ni Walatino. Vina masharti mawili ambayo ningependa uyakumbuke. Kwanza, hakuna mgonjwa anayerudishwa kwa kukosa pesa, na ada hupangwa kulingana na mapato ya nyumba. Pili, zaidi ya nusu ya wanakamati wanaosimamia kituo ni lazima wawe wagonjwa wa kituo hicho hicho. Yaani mama anayepanga foleni ndiye anayeamua milango ifunguliwe saa ngapi. Ndiyo maana vingi hufunguliwa jioni na Jumamosi, wakati vibarua wametoka kazini.

Walatino wenyewe walianzisha vituo vyao. La Clínica de La Raza ilianza mwaka 1971 katika mtaa wa Fruitvale, mjini Oakland, California. Huko Washington, mwaka 1988, Maria Gomez, muuguzi aliyezaliwa Colombia, alianzisha Mary's Center kwa ajili ya kina mama wajawazito waliokimbia vita na umaskini Amerika ya Kati. Kituo hicho kilijifunza upesi kwamba mama mja mzito asiye na chakula wala mahali pa kulala hawezi kutibiwa kwa vidonge peke yake. Basi chini ya paa moja kikaweka daktari, mshauri wa familia na masomo ya watu wazima. Mama anakuja kupimwa mimba, anatoka akiwa amejiandikisha kusoma Kiingereza.

PROMOTORA: JIRANI MWENYE MKOBA

Nguzo ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi. Inaitwa promotora, neno la Kihispania lenye maana ya mwanamke anayehimiza jambo. Huyu si daktari wala muuguzi. Ni mama wa mtaa, mara nyingi mhamiaji mwenyewe, aliyepewa mafunzo ya majuma au miezi kadhaa kuhusu kisukari, uja uzito, chanjo na namna ya kuzifikia huduma. Ukitaka kumfahamu, mfikirie mhudumu wa afya ya jamii anayepita kijijini kwako akiwa na mkoba.

Kazi yake ni nini? Tuseme mama mmoja amepimwa na kukutwa na kisukari. Daktari ana dakika 15. Anamwambia apunguze wanga, afanye mazoezi, ameze kidonge mara mbili kwa siku, arudi baada ya miezi 3. Mama anaitikia kwa kichwa na kwenda zake, wala hajaelewa.

Jioni promotora anabisha hodi. Anaketi jikoni. Anaona chupa kubwa ya soda juu ya meza, na rundo la tortilla, zile chapati za mahindi ambazo kwao ni kama ugali kwetu. Hamwambii mama aache tortilla, kwa maana anajua hataacha. Anamwambia ale mbili badala ya sita, aongeze maharagwe na mboga, na soda iwe ya sherehe tu. Anauliza vidonge viko wapi. Mama anakiri kwamba ameze kimoja, mumewe ameze kimoja, ili vifike mwisho wa mwezi. Hakuna daktari ambaye angeambiwa siri hiyo. Promotora huandika jambo hilo, na kesho yake kliniki inamtafutia mume kadi yake na vidonge vyake.

Haya si maneno matupu. Iko damu inayopimwa kuonyesha wastani wa sukari kwa miezi 2 au 3 iliyopita. Tafiti kadhaa zilizofanywa kati ya Walatino zimeonyesha kwamba kipimo hicho hushuka zaidi kwa wagonjwa wanaofuatwa na wahudumu hawa kuliko kwa wale wanaoonana na daktari tu. Na sukari ikishuka, macho na figo hupona balaa.

Promotora huenda hata mashambani. California iliweka kanuni mwaka 2005 kuhusu joto kazini: mwajiri atoe maji safi, kivuli na nafasi ya kupumzika. Lakini kanuni haimsaidii kibarua asiyeijua. Promotora humweleza kwamba mtu anayefanya kazi juani anahitaji karibu lita moja ya maji kila saa, na kwamba mwenzake akianza kuongea ovyo au kuacha kutoka jasho, huyo si mlevi. Amepigwa na joto, na apozwe kwa maji mara moja huku msaada ukiitwa.

Mexico nayo haikuwasahau watu wake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, balozi zake ndogo katika miji ya Marekani zimekuwa na dirisha la afya, kwa Kihispania ventanilla de salud. Mtu anapokuja kushughulikia pasipoti, hupimwa shinikizo la damu na sukari huku akingoja zamu, kisha huelekezwa kliniki ya karibu. Hapa waliokuwa wakikwepa hospitali hukutwa mahali ambapo ni lazima waje.

NENO MOJA LINAPOHARIBU MAISHA

Katika chumba changu cha kutibia nimewahi kumwona mtoto wa miaka 9 akimtafsiria mamake ambaye hakujua Kiswahili. Nilipouliza habari za hedhi, mtoto aliinamisha kichwa. Mama naye alikataa kusema. Siku hiyo nilimtibu kwa kubahatisha, na bado huona haya nikikumbuka. Baadaye nilimtafuta mwanamke wa kumtafsiria, ndipo nikajua kwamba alikuwa amevuja damu kwa miezi 2.

Huko Florida, mwaka 1980, kijana wa miaka 18 aliletwa hospitalini akiwa hana fahamu. Jamaa zake wakasema kwa Kihispania kwamba alikuwa intoxicado, maana yake huenda amekula kitu kilichomdhuru. Waliosikia wakadhani wamesema amelewa dawa za kulevya, kwa kuwa neno la Kiingereza linafanana na hilo. Akatibiwa kama mtu aliyezidisha dawa. Kumbe damu ilikuwa ikimvuja ubongoni. Ilipogunduliwa, siku zilikuwa zimepita, na kijana akapooza mikono na miguu. Fidia aliyokubaliwa ingeweza kufikia dola milioni 71 katika maisha yake. Mkalimani angegharimu pesa kidogo sana.

Hata kibandiko cha chupa ya dawa kinaweza kuua. Neno once kwa Kiingereza ni mara moja. Kwa Kihispania, maandishi hayo hayo ni 11. Sasa mfikirie mgonjwa wa shinikizo la damu akisoma hivyo.

Kwa sababu hiyo, mashirika ya kijamii yamepigania sana wakalimani waliofunzwa. Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 inakataza hospitali zinazopokea pesa za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya asili yake, na hilo limekuja kufahamika kuwa ni pamoja na lugha. Ni kweli kwamba agizo la rais la mwaka 2000 lililosisitiza jambo hili lilifutwa mwezi Machi 2025. Hata hivyo sheria yenyewe ipo bado, na mgonjwa ana haki ya kudai mkalimani bila malipo.

CHAKULA, MALEZI NA CHAMA

Huenda ukauliza daktari ana shughuli gani na mambo ya chakula na pesa. Anayo kubwa. Mtoto anayelala njaa haponi upesi, na mama anayeogopa kufukuzwa na mwenye nyumba hanunui dawa.

Uko mpango wa serikali kuu uitwao WIC, ulioanza kwa majaribio miaka ya 1970, unaowapa kina mama wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka 5 vyakula kama maziwa, mayai, maharagwe na matunda. Unawasaidia zaidi ya watu milioni 6 kila mwezi, na sheria yake haimtaki mama awe raia. Pamoja na chakula, mama hufunzwa kunyonyesha. Tatizo ni kwamba kina mama wengi wahamiaji hawaamini kuwa wanaruhusiwa. Hapa tena promotora ndiye anayewashika mkono mpaka ofisini.

Kuhusu shule, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982 kwamba mtoto hawezi kunyimwa elimu ya shule ya umma kwa kukosa hati. Mashirika kama AVANCE, lililoanza San Antonio, Texas, mwaka 1973, huwafundisha wazazi wenyewe namna ya kuzungumza na mtoto mchanga, kumchezesha na kumsomea kabla hajafika shuleni. Mzazi aliyeacha masomo darasa la nne huona kwa mara ya kwanza kwamba naye ni mwalimu.

Na pesa? Wamexico wana desturi iitwayo tanda. Watu 10 wanachanga dola 100 kila mmoja kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao anabeba zote 1,000. Kina mama wa Kenya hawahitaji kuelezwa zaidi! Shirika la Mission Asset Fund la San Francisco, likiongozwa na José Quiñonez, liliichukua desturi hii na kuiandika rasmi. Kila mchango unaotolewa kwa wakati hupelekwa katika kumbukumbu za wakopaji, na baada ya muda mtu ambaye benki hazikumjua anaweza kukopeshwa kwa riba ya haki. Mtu huyo sasa anaweza kutengeneza gari la kumpeleka kazini, na kliniki.

HOFU NAYO NI MARADHI

Nilisema tutarudi kwa hofu. Katika udaktari wangu nimeona hofu ikiua watu ambao dawa zao zilikuwa mezani.

Mwaka 2019 serikali ya Marekani ilitangaza kanuni ya kuwanyima kibali cha kudumu baadhi ya wahamiaji wanaotumia misaada ya umma. Kanuni ilianza kazi Februari 2020 na ikafutwa Machi 2021. Haikuwahusu watoto waliokuwa raia, lakini wazazi wengi waliwaondoa watoto hao katika misaada ya chakula na matibabu kwa hofu tu. Tena hofu haikuisha kanuni ilipofutwa.

Januari 2025 serikali ya Rais Donald Trump iliondoa mwongozo uliokuwa ukiwazuia maafisa wa uhamiaji kukamata watu ovyo katika kliniki, shule na makanisa. Madaktari wa kliniki nyingi wakaona wagonjwa wakikosa miadi. Julai mwaka huo ikatangazwa kwamba wasio na hati wasihudumiwe kwa pesa za serikali kuu katika kliniki za jamii na shule za chekechea za Head Start. Majimbo mengi yakaenda kortini, na Septemba jaji akalizuia agizo hilo katika majimbo yaliyoshtaki. California nayo, iliyokuwa imefungua bima yake kwa maskini wa kila umri bila kujali hati Januari 2024, ilisimamisha kuwaandikisha watu wazima wapya wasio na hati kuanzia Januari 2026.

Katika hali kama hii kliniki hufanya nini? Nyingi zimerudia njia ya Pholela. Mgonjwa asipokuja, hufuatwa. Daktari humpigia simu, na promotora humpelekea dawa na kikapu cha chakula mlangoni. Familia hufunzwa haki zao, na kushauriwa kuandika mapema nani atamchukua mtoto shuleni ikiwa mzazi hatarudi. Ni ushauri wa kuhuzunisha, lakini mama aliyeupata hulala usingizi, na shinikizo lake la damu hushuka.

SI WANYONGE

Nisingependa umalize makala haya ukidhani Walatino ni watu wa kuhurumiwa tu. Tangu mwaka 1986 watafiti wamekuwa wakishangazwa na jambo moja: ingawa ni maskini kuliko Wazungu wa Marekani na bima hawana, wanaishi muda mrefu zaidi. Mwaka 2019 Mlatino alitarajiwa kuishi karibu miaka 82, na Mzungu chini ya 79. Wataalamu hutaja sababu kadhaa. Wanavuta sigara kidogo, wanaohama huwa ndio wenye afya, na jamaa hawaachani.

Halafu likaja janga la Covid. Mwaka 2020 umri huo wa Walatino ulishuka kwa zaidi ya miaka 3 kwa mwaka mmoja. Walikuwa viwandani, mashambani na jikoni wakati wengine wamejifungia, na nyumba zao zilikuwa na watu wengi. Funzo ni kwamba ukoo na ujirani ni kinga kubwa, lakini kinga hiyo hupasuka ikiachwa peke yake. Huduma za jamii hazileti nguvu mpya kwa familia hizi. Zinailinda ile waliyokuja nayo.

USHAURI WANGU

Kama una mtoto au ndugu Marekani, mambo haya yanamhusu pia, kwa kuwa milango mingi niliyoitaja haiulizi mtu ametoka nchi gani. Mwandikie hivi:

1. Atafute kliniki ya jamii iliyo karibu kabla hajaugua, na aulize ada inayolingana na mapato yake.

2. Apimwe sukari na shinikizo la damu, hasa akiwa amepita miaka 35 au jamaa zake wana maradhi hayo. Kiu isiyoisha, kukojoa sana, macho kufifia na kidonda kisichopona si uchovu wa kazi.

3. Adai mkalimani, na asimtumie mtoto wake.

4. Mama mja mzito aulize habari za WIC mara moja.

5. Akizidiwa, aende hospitali asiogope gharama. Maisha kwanza, deni baadaye.

6. Kanuni hubadilika mara kwa mara. Kabla ya kujiondoa katika msaada wowote, aulize wakili au shirika linalosaidia wahamiaji, asisikilize uvumi.

Nawe, mzee wangu wa Kapsabet, mwambie binti yako jambo moja. Mama yule akija tena na kuambiwa arudi nyumbani, asimwache aondoke mikono mitupu. Amwulize anaishi mtaa gani, amtafutie jina la kliniki ya jamii na la promotora wa huko, aliandike kwenye karatasi kwa Kihispania. Kisha amwulize watoto wake wana umri gani, na kama wamepimwa sukari. Kwa mama huyo huenda tumechelewa. Kwa watoto wake, bado.